SSH: Kufuli Lililotoka Finland

Seva nyingi zinazobeba barua pepe, miamala ya fedha na tovuti hazina skrini wala kibodi. Zimefungiwa kwenye makabati ya chuma, na fundi anayezihudumia huenda yuko nchi nyingine. Anaziendesha kwa amri za maandishi, nazo humjibu kwa maandishi. Njia anayopitia huitwa SSH, na chanzo chake ni wizi.

Kabla yake ilitumika Telnet, iliyobuniwa mwaka 1969 pamoja na ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti. Telnet ilimwezesha mtu kutumia kompyuta ya mbali kana kwamba ameketi mbele yake, ila ilisafirisha kila kitu wazi, hata nywila. Mtandao ulipokuwa wa vyuo na maabara chache, watu waliaminiana. Intaneti ilipofunguliwa kwa umma miaka ya 1990, uaminifu huo ukawa mwanya.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, iligunduliwa programu iliyopachikwa kwa siri, ikiwa imenasa maelfu ya majina na nywila. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu ya kusimba mazungumzo yote kati ya kompyuta mbili na kuthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenyewe. Aliomba poti namba 22, yaani namba ya mlango wa huduma kwenye mtandao, iliyokuwa wazi kati ya 21 ya FTP, njia ya kuhamisha mafaili, na 23 ya Telnet, kwa kuwa alikusudia kuziondoa zote mbili. Akapewa. Julai mwaka huo aliitoa bure, na hadi Desemba ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Baadaye Ylönen alianzisha kampuni, na matoleo mapya yakabanwa na masharti ya leseni. Waandishi wa mfumo endeshi wa OpenBSD wakachukua toleo la zamani lililokuwa bado huru, wakalisafisha na kuliboresha. Programu hiyo, iliyoitwa OpenSSH, ikatoka Desemba 1999 ndani ya OpenBSD 2.6. Leo imo katika Linux, macOS na hata Windows.

Hata hivyo, kufuli halimlindi aliyeacha mlango wazi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera za ulinzi na ruta zilizokuwa bado na Telnet na nywila za kiwandani. Oktoba, vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi wakashindwa kufikia Twitter na Netflix. Mwezi uliofuata, kwa kuhofia mashambulizi kama hayo, watengenezaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi waliamua kwamba SSH iwe imezimwa hadi mwenye kifaa aiwashe mwenyewe.

Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyotumika pamoja na SSH katika baadhi ya mifumo ya Linux, kabla haujasambaa kwenye seva nyingi. Aliweza kuufichua kwa sababu msimbo wa xz ulikuwa wazi kwa yeyote kuuchunguza. Usalama wa SSH umejengwa juu ya uwazi huo na juu ya watu wachache wanaoutunza. Kampuni na serikali zinazoitegemea kila siku zina wajibu wa kuwalipa na kuwaongezea wasaidizi.