Levo ya Kupewa

Mwaka 2012 nilimkosea binamu yangu, na kosa lenyewe ukimsimulia mtu asiyecheza gemu atakuona una matatizo. Nilimpandishia levo.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Miaka minne au mitano kabla ya hapo, Ngara mjini palikuwa na intaneti kafe moja yenye kompyuta nne, moja ikiwa mbovu muda wote. Umeme ukikatika mwenye kafe aliwasha jenereta, na jenereta ikiwaka bei ilipanda. Intaneti ilitoka angani kwa dishi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na huko kwetu milimani ulitufikia kama habari ya redioni tu. Mimi na kaka (ni binamu, mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka na mjadala umefungwa) tulichanga shilingi mia mia mpaka ikapatikana nusu saa, tukakaa kwenye kiti kimoja, na kufungua RuneScape.

Tuliicheza hiyo kwa sababu ilikuwa bure na ilifunguka ndani ya kivinjari, bila kusakinisha chochote. Ndugu wawili Waingereza, Andrew na Paul Gower, waliitoa Januari 2001, na ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta dhaifu kama zile zetu. Mhusika wako anaanza hana kitu. Anakata miti, anachimba madini, anavua samaki, na kila ujuzi una levo yake kuanzia 1 hadi 99.

Hizo levo zina hesabu ambayo mpaka leo naiona kama mzaha wa kikatili. Kufika 99 kunahitaji pointi za uzoefu 13,034,431. Nusu ya hizo unaifikia ukiwa kwenye levo ya 92. Yaani ukifika 92 ndiyo kwanza uko katikati ya safari.

Sisi hatukuwa na ndoto za 92. Kaka alishika uvuvi. Alipofika levo ya 40 aliruhusiwa kuvua kambakoche, mdudu wa baharini ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Tulidhani ni nge wa majini. Ili kumpata ulipanda mashua bandari ya Port Sarim, ukalipa nauli ya sarafu 30, ukavuka hadi kisiwa cha Karamja. Mkoba una nafasi 28. Toa moja ya mtego na moja ya nauli ya kurudia, zinabaki 26. Mkoba ukijaa unarudi bara kuweka mzigo, kisha unalipa tena.

Kila kambakoche alitoa pointi 90. Kutoka levo ya 40 hadi 50 ni pointi 64,109, sawa na kambakoche zaidi ya 700 na safari kama 28. Hesabu hiyo kaka aliiandika nyuma ya daftari la Jiografia. Aliigawanya kwa nusu saa, nusu saa akazigeuza kuwa shilingi, kisha akakaa kimya muda mrefu.

Tulikuwa na akaunti moja kwa wawili. Mkataba ulikuwa wa mdomo: mapigano yangu, uvuvi wake.

Nikaenda chuo, Dar es Salaam. Yeye akahamia Biharamulo na kuanza kujifunza ufundi simu. Mwaka 2012 wenye gemu waliingiza gurudumu la bahati: kila siku unalizungusha, na mara nyingi unaangukia taa ambayo ukiisugua inakupa pointi katika ujuzi wowote unaoutaka. Mwaka huohuo wakaanza kuuza mizunguko ya ziada kwa pesa. Sikununua, lakini mizunguko ya bure niliichukua usiku baada ya usiku, kwenye maabara ya kompyuta. Uvuvi wa kaka ulikuwa umekwama 49. Taa zote nikazielekeza huko, kama zawadi. Ikagonga 50, skrini ikatoa fataki, nikampigia.

Akaniuliza, "Umevua?"

Nikamwambia hapana, ni taa.

"Sasa hiyo hamsini ni ya nani, dogo?"

Hatukugombana. Ila hakufungua tena akaunti ile, na mimi baada ya miezi michache nikaiacha.

Nilichukua muda mrefu kuelewa, na nilisaidiwa na kusoma historia ya kitu chenyewe. Levo hazikuanzia kwenye kompyuta. Zilitoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Kimarekani wa mwaka 1974, uliochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle, walitengeneza MUD, dunia ya maneno matupu ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja. Aliyefika kileleni aliitwa mchawi na kupewa madaraka juu ya wengine. Levo ilikuwa cheo, na cheo kilikuwa na maana kwa sababu wenzako walikuona ukikipanda.

Halafu ikaja EverQuest mwaka 1999. Huko ukifa unapoteza uzoefu, unaweza hata kushuka levo, na maiti yako inabaki palepale na vitu vyako mpaka uirudie. Watu waliumia. Lakini walijuana, kwa kuwa peke yako hukwenda mbali. Na kulikuwa na jambo ambalo wapenzi wa enzi hizo hulipitia haraka: kampuni ilikuwa inalipwa kwa mwezi. Mchezaji anayepanda polepole ni mchezaji anayelipa miezi mingi. Ugumu ulikuwa sanaa, sawa, lakini ulikuwa pia mrija wa mapato.

World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ilisifiwa kwa kuwa laini, na kila mwaka ikazidi kulainika. Mwishoni mwa 2007 pointi za kupanda kutoka 20 hadi 60 zikapunguzwa. Desemba 2009 kikaja kitufe cha kutafutiwa wenzako: unabonyeza, unasubiri, unarushwa moja kwa moja ndani ya pango pamoja na watu wanne usiowajua, mnamaliza, mnaachana bila salamu. Barabara ya kwenda pangoni ikabaki bila watu. Mwaka 2014 wakaanza kuuza levo yenyewe: dola 60, mhusika wako anaamka akiwa 90. Mmoja wa wabunifu, Ion Hazzikostas, alieleza kwamba bei iliwekwa juu makusudi ili kazi ya kupanda levo isishushwe hadhi. Maelezo hayo nayapenda kwa sababu yanakiri kila kitu. Wewe ndiye uliyejenga barabara, wewe ndiye unayeuza njia ya kuikwepa, na biashara itakwenda tu iwapo watu wanaichukia barabara kiasi cha kulipa.

Hapa nijizuie, maana ni rahisi kuanza kulilia shida. Watu wa Ngara na Biharamulo tunaijua barabara ngumu. Kulikuwa na miaka ambayo mabasi yalipita mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Magari yalijipanga kusubiri eskoti, abiria wakashuka, wakanunua mahindi, wakajuana. Mama yangu alipata rafiki wa maisha kwenye foleni ya namna hiyo. Lakini sijawahi kumsikia akisema majambazi warudi. Anachokikumbuka ni ile foleni.

Na kwenye gemu ni vivyo hivyo. Mzungu mwenye intaneti ya mwezi mzima alipolalamika kwamba levo zimekuwa rahisi, alikuwa anatetea muda alionao. Kwetu kila kambakoche alikuwa na bei kwa shilingi. Kama mwaka 2008 mtu angetuambia pointi zimepunguzwa nusu, tungerukaruka kafe nzima. Nina uhakika kaka naye angeruka.

Sasa kwa nini alikataa ile 50?

Jibu nililipata kwa wazee wa bao. Pwani, fundi wa bao hamfundishi mtoto moja kwa moja bao lenyewe la Kiswahili, lile la kuanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, lenye nyumba, la kunamua kwanza kabla ya kufika mtaji. Mtoto anaanzishiwa bao la kujifunza: kete mbili mbili katika kila shimo, zote 64 ziko chini, hakuna cha mkononi, mnaingia kwenye mtaji papo hapo. Ni rahisi zaidi, na hakuna anayelidharau. Lakini lina jina lake. Ukishinda bao la kujifunza hutembei mtaani ukisema umemshinda fundi. Urahisi umewekwa kwenye ubao mmoja na ugumu kwenye ubao mwingine, na kila mtu anajua leo mmekaa kwenye upi.

RuneScape ya 2012 ilichanganya. Namba 50 ya aliyevua na namba 50 ya aliyesugua taa zilisomeka sawa. Hapo aliyevua ndiye aliyepunjwa, ingawa hakunyang'anywa hata samaki mmoja. Mtaani tunasema "huyo si wa levo zangu", na tunamaanisha umbali uliotembewa. Namba ikigawiwa haisemi tena umbali.

Inaonekana wachezaji wengine wengi walihisi hivyo, maana kilichofuata ndicho kipande ninachokipenda zaidi katika historia hii. Februari 2013 wenye RuneScape waliitisha kura: mnataka turudishe gemu jinsi ilivyokuwa Agosti 2007? Mamia kwa maelfu wakapiga kura ya ndiyo, na mwezi huohuo ikafunguliwa kama gemu tofauti, Old School RuneScape, pembeni ya ile mpya. Badiliko jipya halikuingia mpaka asilimia 75 ya wapiga kura walikubali. Ubao mmoja hapa, mwingine pale.

Blizzard walichelewa. Novemba 2013, kwenye mkutano wao wa mashabiki, mtu aliuliza kama watarudisha Warcraft ya zamani, na J. Allen Brack akamjibu kwamba anadhani anaitaka lakini haitaki. Agosti 2019 waliirudisha, na foleni za kuingia zikawa ndefu kweli. Watu walipanga foleni ili wakatembee kwa miguu. Kisha, kampuni ni kampuni, mwaka 2021 toleo la zamani lilipoendelea hatua ya pili, wakaanza kuuza levo na humo.

Mimi sitetei ugumu wote. Kutembea dakika ishirini ukifuata maiti yako hakunifundishi chochote, na gemu nyingi za zamani zilikuwa na uvivu wa ubunifu uliovalishwa koti la heshima. Nikiwa na kazi ya habari na mtoto mdogo, napenda gemu inayoniruhusu kuona mwisho kabla ya kuzeeka. Ninachokikataa ni kupewa levo halafu kuambiwa nifurahie kana kwamba nimeipata.

Oktoba 2018 Old School ilikuja kwenye simu, na sehemu ya bure ilikuja nayo. Nilimtumia kaka kiungo bila kuandika neno. Miaka hiyo yote tulikuwa tukiongea vizuri, misiba, harusi, pesa za ada, lakini gemu hatukuigusa. Siku tatu hakujibu.

Kisha ikaja picha ya skrini. Alikuwa amefungua akaunti mpya, jina jipya, uvuvi levo ya 1, anavua vidagaa kwa wavu. Ana kibanda chake sasa pale Biharamulo mjini, anabadilisha vioo na chaji, na kati ya mteja na mteja simu yake mwenyewe iko juu ya meza, mhusika wake amesimama ufukweni Karamja. Samaki wanaingia mkobani mmoja mmoja. Bando lenyewe analolitumia ni dogo, anasema, gemu hii haili.

Ilimchukua miezi. Jioni moja nilikuwa narudi kutoka kazini, ikaingia picha nyingine: fataki, na namba 50. Chini yake ameandika, "Mia saba na kitu. Nimehesabu."

Nikampigia palepale. Akaniuliza mimi nimefika wapi. Nikamwambia niko 43.

"Vuka basi," akasema. "Nauli unayo?"