Tix za bure za Roblox ziliisha 2016
Wasee, hizi linki za "Robux za bure" mnazotumiana zina historia. Roblox ilifunguliwa 2006. Mwaka uliofuata zikaja Tix: ukiingia kila siku unapewa 10, unazikusanya, unanunulia avata yako kofia ama shati. Kadi ya benki haikuhitajika.

Aprili 2016 Tix zikaondolewa. Zikabaki Robux, na wengi huzipata kwa pesa. Matapeli wanakula hapo: mtoto ako saiba hapa Murang'a, hana pesa, anataka avata ing'are, anaandika paswadi. Kesho akaunti si yake.

Nguo za bure bado ziko, ndani ya duka la Roblox lenyewe. Chagua zenye bei sifuri. Linki ikikuomba paswadi, toka.