Stika za ukutani: Kabla ya kulaumu gundi, chunguza rangi

Ukiingia nyumba nyingi za Pwani siku hizi, utaona Ayatul Kursiyyu imebandikwa ukutani sebuleni kwa herufi nyeusi au za dhahabu. Madrasa zina alifu, be, te ukutani. Vinyozi wana picha za mitindo, na zahanati zina mishale ya kuelekeza wagonjwa. Kazi hizi hukatwa au huchapwa kwenye vainili, yaani plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, na mjini maduka ya kuzitengeneza hayakosekani.

Malalamiko nayo hayakosekani. Stika inabandikwa Ijumaa, Jumatatu pembe zimejikunja, na baada ya wiki mbili iko sakafuni. Kwa picha ya kinyozi hiyo ni hasara ya pesa. Kwa aya ya Qur'ani ni uchungu zaidi, kwani hakuna anayependa kuamka asubuhi akute jina la Mwenyezi Mungu limelala chini kwenye njia ya watu.

Mara nyingi lawama humwendea aliyeuza stika. Lakini gundi haishiki ukuta, hushika rangi. Rangi isiposhika ukuta sawasawa, stika itang'oka nayo hata gundi iwe kali vipi. Wahenga walisema nyumba nzuri si mlango, ingia ndani. Ukuta nao ni hivyo hivyo, uzuri wa juu hautoshi.

Rangi zinazokataa stika

Rangi za maji za bei ya chini huwa na unga mwingi na kiungo kidogo cha kuushikilia. Ukuta unaonekana mweupe na safi, lakini ukiupangusa kwa kiganja unatoka na vumbi. Gundi hushika vumbi hilo, na vumbi halijashika kitu.

Kundi la pili ni rangi zinazouzwa kwa sifa kwamba hazishiki uchafu na huoshwa kwa urahisi. Baadhi yake zimetiwa viungo vya kuzuia vitu visigande juu yake. Kinachozuia uchafu huzuia na gundi. Kabla ya kupaka, muulize muuzaji wa rangi kama stika itakubali.

La tatu ni haraka. Rangi ya maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini kukomaa kwake huchukua wiki mbili hadi nne, na hewa yetu ya bahari yenye unyevu huichelewesha. Stika ikiwahi kubandikwa, mvuke unaotoka kwenye rangi hukwama nyuma yake na kufanya mapovu. Plasta mpya ya saruji nayo huhitaji kama siku 28 kabla ya kupakwa rangi yenyewe.

Rangi inayokubali stika vizuri zaidi ni ile laini yenye mng'ao kiasi, ya maji au ya mafuta, iliyopakwa juu ya ukuta mkavu na ikaachwa ikomae.

Majaribio manne kabla ya kulipa

1. *Kitambaa cheusi.* Pangusa ukuta kwa kitambaa kikavu. Kikitoka cheupe, ukuta unatoa unga.

2. *Selotepu.* Ibandike, isugue kwa kidole, kisha ivute kwa ghafla. Ikija na rangi, stika nayo itakuja nayo.

3. *Plastiki.* Chukua plastiki angavu ya kuvalishia madaftari, iziba pande zote nne ukutani kwa tepu na uiache siku moja. Matone yakiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa chumba.

4. *Kipande cha stika.* Mwombe fundi mabaki ya vainili ile ile. Bandika pale pale, ungoje wiki moja.

Ukuta ukifeli mtihani wa kwanza au wa pili, paruza rangi iliyolegea, piga msasa, futa vumbi, paka rangi ya msingi ya kufunga ukuta, kisha mikono miwili ya rangi nzuri. Ukifeli wa tatu, usipake kitu kwanza. Tafuta bomba linalovuja, paa linalopitisha maji, au udongo uliorundikwa nje ya ukuta.

Uliza dukani

Vainili zina gundi za aina mbili kubwa. Moja ni ya kudumu na nyingine ni ya kubanduliwa. Ya kudumu, kama ORACAL 651, hushika zaidi, lakini siku ya kuitoa inaweza kuondoka na rangi. ORACAL 631 imetengenezwa kwa matumizi ya ndani na hubanduliwa kwa urahisi. Mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba achague ya pili.

Picha iliyochapwa kwa wino wa kutengenezea huhitaji kupunga hewa siku moja au mbili kabla ya kubandikwa. Ukipewa ikiwa bado inanuka wino, usiikunje wala usiibandike siku hiyo, kwa sababu dawa iliyo ndani ya wino hulainisha gundi.

Siku ya kubandika

Futa ukuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila sabuni, kwa kuwa sabuni huacha utelezi. Ukishakauka kabisa, pitisha spiriti, ukianzia mahali pa kujificha kuona kama inaharibu rangi. Soma chupa kwanza. Baadhi ya spiriti hutiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta ni adui wa gundi.

Usinyunyize maji ukutani. Njia ya maji ni ya vioo. Pima usawa, weka alama kwa penseli, kisha shikilia stika kwa tepu katikati. Bandika kutoka katikati kwenda pembeni, ukikandamiza kwa kadi ngumu ya plastiki. Karatasi ya juu ivute polepole ukiikunja kabisa kuelekea nyuma, si kuivuta kuelekea kwako. Mwisho pasha kingo joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, na uzikandamize tena kwa kidole.

Gundi hufikia nguvu yake baada ya siku moja hadi tatu. Usiifute wala kuigusagusa kabla ya hapo. Wakati wa masika, ukuta ukiwa na jasho, ni heri kungoja.

Nyumba za mawe na chokaa

Kwa wenye nyumba za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, ushauri ni mwingine. Kuta hizo za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani. Chumvi nayo hutoka pamoja na unyevu huo na kusukuma rangi. Kuubandika ukuta wa namna hiyo plastiki ni kuuziba pumzi. Stika itaanguka, na chokaa iliyo nyuma yake inaweza kuharibika.

Usimkubalie fundi anayetaka kuukwangua ukuta huo na kuupaka rangi ya mafuta ili stika ishike. Bandika aya kwenye ubao laini uliopakwa rangi ya mafuta na kukomaa, kisha utundike ukiacha nafasi ya kidole nyuma yake hewa ipite. Ukihama, unahama nao. Au mtafute mwandishi wa khati akuandikie kwa brashi, kwani kazi ya mkono haina pembe za kujikunja.

Ikiwa stika ya aya tayari imeanza kujikunja, usingoje ianguke. Ipashe joto, ivute taratibu kwa pembe, na uihifadhi kwa heshima. Kisha rudi kwenye ukuta wako na kitambaa cheusi.