Sauti ya Siti na Sikio la Maikrofoni

Kabla ya 1925, mwimbaji wa santuri aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyotikisa sindano. Pembe ilipokea sauti za nguvu. Sauti nyembamba kama "s" na "sh" zilififia, hata "saba" na "shaba" zikakaribiana. Mwaka huo makampuni makubwa yakaanza kurekodi kwa maikrofoni. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipofika Bombay mwaka 1928 kuiimbia His Master's Voice, njia hiyo ilikuwa imekwisha kuenea. Kwa ushairi, ambao uhai wake ni neno, hiyo haikuwa bahati ndogo. Achaguaye maikrofoni huchagua kipi kisikike na kipi kipotee. Na fumbo lisilosikika halifumbuliki.