Skrini pana iliyowatosha wanawake watatu

Mwaka 1953 studio ya 20th Century-Fox ya Marekani ilikuwa mashakani. Televisheni ilikuwa imeingia sebuleni, na majumba ya sinema yalikuwa yakipoteza watu. Mwaka 1946 Wamarekani karibu milioni 90 waliingia sinema kila wiki. Miaka saba baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu. Rais wa studio, Spyros Skouras, alikwisha kununua kwa Mfaransa Henri Chrétien haki ya kutumia lenzi aliyoibuni miaka ya 1920. Lenzi hiyo huibana picha inaporekodiwa. Nyingine huitanua inapoonyeshwa, ikajaza skrini yenye upana unaozidi kimo chake mara mbili na nusu. Fox iliupa mtindo huo jina la CinemaScope, na televisheni ya wakati ule haikuwa na cha kushindana nao.

Filamu mbili zilitangulia. Moja ilikuwa The Robe, kisa cha Roma ya kale chenye majeshi, majumba ya marumaru na msalaba wa Yesu. Ya pili ilikuwa How to Marry a Millionaire, vichekesho vya mapenzi kuhusu wanamitindo watatu wa New York wanaosaka waume matajiri. Hii ya pili ndiyo iliyokamilika kwanza, lakini Fox iliiweka kando hadi Novemba ili The Robe ifungue pazia mwezi Septemba. Studio iliamini kwamba skrini pana ilistahili kuzinduliwa na majeshi ya Kaisari. Wanawake watatu wanaopiga soga sebuleni wangesubiri zamu yao.

Kisa chenyewe hakikuwa kipya. Mwandishi na mtayarishaji Nunnally Johnson alikiunga kutokana na tamthilia mbili za Broadway, mojawapo ikiwa The Greeks Had a Word for It ya Zoë Akins, iliyoonyeshwa jukwaani mwaka 1930 na kufanywa filamu miaka miwili baadaye. Katika toleo la Johnson, Schatze, Pola na Loco wanapanga nyumba ya kifahari huko Sutton Place, mtaa wa wenye nazo, kwa hoja kwamba tajiri hutafutwa anakoishi. Kodi inawashinda. Wanauza samani kipande kwa kipande, hata piano, mpaka sebule inabaki tupu. Magauni yao yanabaki.

Magauni hayo ni kazi ya William Travilla, mbunifu aliyemvisha Marilyn Monroe gauni la waridi la Gentlemen Prefer Blondes mwaka huohuo na lile jeupe la The Seven Year Itch mwaka 1955. Hapa alipewa zaidi ya mwigizaji mmoja wa kumpamba. Katikati ya filamu yamo maonyesho kamili ya mitindo: mabibi watatu wanapita mmoja mmoja mbele ya mteja kwenye duka la mavazi wanakofanya kazi, na kila vazi linatangazwa kwa jina na maelezo, mtazamaji akipewa muda wa kulikagua toka kichwani hadi miguuni. Travilla na Charles LeMaire, mkuu wa idara ya mavazi ya Fox, waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tuzo ikaenda kwa kanzu na deraya za The Robe.

Kuhusu waigizaji, magazeti ya Hollywood yalingojea ugomvi. Betty Grable, mwenye umri wa miaka 36, alikuwa malkia wa Fox tangu siku za vita, picha yake ikiwa imebandikwa kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani dunia nzima. Monroe, miaka 26, alikuwa anakuja juu kukikalia kiti hicho. Lauren Bacall, miaka 28, alitoka shule nyingine kabisa ya uigizaji. Ugomvi haukutokea. Inasimuliwa kwamba Grable alimwambia Monroe waziwazi kuwa yeye zamu yake ameshaipata, sasa ni ya mwenzake. Bacall naye, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1978, alimkumbuka Monroe kama mtu aliyejaa hofu, aliyemtazama mwalimu wake wa uigizaji kila kipande kilipoisha, lakini asiye na chembe ya uovu moyoni.

Na hapo ndipo lenzi ya Chrétien ilipofanya jambo ambalo Fox haikulipangia. Lenzi za mwanzo za CinemaScope zilivimbisha sura zilipozisogelea karibu, hivyo mwongozaji Jean Negulesco, mzaliwa wa Romania aliyewahi kuwa mchoraji, aliweka kamera mbali na kuwaacha waigizaji wake kwenye picha moja kwa muda mrefu. Mmoja anasema, wawili wanasikiliza, na wote watatu tunawaona. Schatze anapopanga mikakati, jicho la Loco linasema lake. Pola anapojigonga ukutani, wenzake hawamcheki. Urafiki wao hautangazwi kwa maneno. Unaonekana katika namna wanavyogawana chakula, nafasi na matumaini ndani ya chumba kimoja.

Pola, anayeigizwa na Monroe, ndiye moyo wa filamu hii. Haoni vizuri bila miwani, lakini ameaminishwa kwamba wanaume hawamtaki mwanamke mwenye miwani, kwa hiyo huificha kila mwanamume anapokaribia. Anasoma kitabu juu chini, anapanda ndege isiyo yake. Ndani ya ndege hiyo anakaa kando ya mwanamume aliyevaa miwani, anayemwambia aivae yake kwa kuwa inampendeza. Monroe, ambaye studio ilimuuza kwa umbo lake, alionyesha hapa kipaji cha vichekesho ambacho wengi hawakutaka kukiona.

Mwishoni wote watatu wanaolewa na wanaume wanaoaminika kuwa hawana kitu, wakaishia kula hambaga kwenye mkahawa wa kawaida. Mume wa Schatze anapotoa noti ya dola 1,000 kulipa, mabibi wanaanguka kwa kuzimia.

Filamu iliyotengenezwa ili kuwatoa watu mbele ya televisheni iliishia kwenye televisheni hiyohiyo. Tarehe 23 Septemba 1961, mtandao wa televisheni wa NBC ulipoanzisha kipindi chake cha filamu cha Jumamosi usiku, How to Marry a Millionaire ndiyo iliyofungua dimba. Lakini kioo cha televisheni kilikuwa karibu mraba, na ili picha iingie ilibidi ikatwe ubavuni. Schatze alipozungumza, Loco au Pola aliweza kuachwa nje. Kwa miongo kadhaa watazamaji wengi waliijua filamu hii ikiwa imepungukiwa na rafiki mmoja katika onyesho moja au jingine, mpaka zilipotoka DVD zenye upana wote wa mwaka 1953, na wale watatu wakaonekana tena kwa pamoja.