Mgiriki wa Wapi?

Kwenye fomu ya makao ya wazee mjini Melbourne, Australia, nafasi ya nchi ya asili hujazwa neno moja: Ugiriki. Mlezi akishalisoma hudhani amekwisha kumjua mzee aliyeletwa. Bado hajamjua. Wagiriki wenyewe wakikutana ugenini huanza kwa kuulizana kwao ni wapi, na anayejibu "Ugiriki" hajajibu kitu. Hutajwa kisiwa, bonde, kijiji. Neno lao patrida, ambalo vitabuni ni taifa zima, kinywani mwa mzee mara nyingi ni kile kijiji tu.

Nchi hiyo iliungwa kipande kwa kipande. Visiwa vya Ionia vilikaa chini ya Venisi kwa karne nyingi, kisha chini ya Waingereza, hadi 1864. Thessalia ikaingia 1881, Krete na sehemu kubwa ya Makedonia 1913. Kisiwa cha Rodos kilishikwa na Italia tangu 1912, kikaunganishwa na Ugiriki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mzee wa Rodos mwenye miaka 90 na ushei alizaliwa chini ya bendera ya Italia, na darasani alifundishwa kwa Kiitaliano. Siku atakapomshukuru muuguzi kwa Kiitaliano, msiandike kwenye faili kwamba amechanganyikiwa.

Jambo la lugha ndilo linalonisumbua zaidi. Ugonjwa wa kusahau hufuta kwanza yaliyokuja mwisho: Kiingereza cha kiwandani huondoka, lugha ya utotoni hubaki. Ndiyo maana jamii hutafuta walezi wanaojua Kigiriki, na ni jambo jema sana. Lakini ya utotoni ni ipi? Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu kwa misingi ya dini, na Wakristo zaidi ya milioni moja wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki. Waliotoka Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, walikuja na Kigiriki chao ambacho mtu wa Athens hakielewi kwa urahisi. Wengi wa Kapadokia walijua Kituruki peke yake. Watoto wao, waliolelewa kwenye vijiji vya kaskazini, ndio wazee wa leo.

Na huko huko kaskazini, kandokando ya Florina, kuna vijiji ambako mama alimbembeleza mwanawe kwa lugha ya Kislavi. Utawala wa dikteta Metaxas, ulioanza 1936, uliipiga marufuku. Aliyesikika akiizungumza alitozwa faini au kupigwa. Bibi wa huko akirudiwa na lugha ya mamaye, hurudiwa na hofu yake pia. Mlezi mwenye busara hatamuuliza mbele ya meza nzima ya chakula ni lugha gani ile.

Wengi wa wazee hawa walifika Australia baada ya mkataba wa uhamiaji wa 1952. Sensa ya 1947 ilihesabu wazaliwa wa Ugiriki wapatao 12,000; ya 1971 ikahesabu 160,000. Ndugu alimvuta ndugu, kijiji kikahamia mtaa mmoja, kila kisiwa kikawa na chama chake. Watu wa Ithaki walikuwa na chao Melbourne tangu 1916.

Waliyoyaacha nyuma hayakuwa mamoja. Aliyekuwa mtoto Athens katika njaa ya majira ya baridi ya 1941 na 1942 aliona maiti barabarani. Mkate anaouficha chini ya mto leo una historia. Penye mizeituni na shamba la nyumbani njaa ile haikuuma vile. Kalavryta, tarehe 13 Desemba 1943, askari wa Kijerumani waliwapiga risasi wanaume na wavulana wakubwa, na wanawake na watoto wakafungiwa shuleni huku mji ukichomwa moto. Mlango uliofungwa kwa nje, na harufu ya kitu kinachoungua jikoni, kwa mtu wa Kalavryta si mambo madogo. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1949, vikali zaidi milimani, hivi kwamba wawili wanaokaa meza moja ya chai wanaweza kuwa watoto wa pande mbili zilizouana. Wote fomu zao zinasema Ugiriki.

Hata ngoma hazifanani. Mtu wa Epirus hulia na klarineti. Ala ya lira ya Krete ina tumbo kama pea na huimba kwa namna yake; ya Ponto ni nyembamba kama chupa, na sauti yake ni kali, ya haraka. Mzee wa Ponto aliyewekewa kanda ya Krete atakaa kimya kwa adabu. Badili kanda, umtazame miguu.