Flashi iliyozisahau sura zetu

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu Mjerumani Carl Georg Schillings achapishe kitabu cha picha za wanyamapori, wakiwemo simba aliowapiga picha usiku kwa mwanga wa unga wa magnesi, kaskazini mwa Tanzania ya sasa. Mwaka huohuo wa 1905, huku kusini Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza. Simba walipata mwanga wao mapema. Watu walisubiri.

Anayetaka kujua ugumu wa kuzipiga picha sura zetu ateremke kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, kwenye harusi ya jioni. Jua linazama upande wa Malawi, maji ya ziwa yanameremeta nyuma ya maharusi. Bibi harusi yuko ndani ya shela jeupe, bwana harusi ndani ya suti nyeusi. Kamera inapima ule mng'ao wa ziwa na sura zinatoka giza tupu. Flashi ikipigwa kwa nguvu zote, shela linaungua. Hesabu ya mafundi picha ilikuwa hii: flashi yenye namba elekezi 32, mtu akiwa mita 4, gawanya 32 kwa 4, lenzi iwekwe f/8. Mwanga wa ziwa wakautafuta kwa shata, kisha flashi ikapunguzwa stopu moja hivi. Flashi za kujipima zikaja na balaa lake: zikiona suti nyeusi zinamwaga mwanga, zikiona shela zinaubana.

Ila kosa halikuwa la flashi peke yake. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, katika utafiti wake wa 2009, anaeleza kwamba kwa miongo mingi rangi za filamu zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kama Shirley. Ngozi nyeusi ikipigwa picha kando ya nyeupe, kilichobaki kuonekana ni macho na meno. Kodak, watengenezaji wa filamu, walipoanza kurekebisha, anasema Roth, waliosukuma walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Kabati lilisikilizwa kabla ya mama zetu!

Ugomvi ulifika hadi kwa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Samora Machel ilimwalika Msumbiji, nchi inayoanzia hapo tu ukipita Chiwindi mpakani, mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, asaidie kufikiria televisheni ya taifa jipya. Inasimuliwa kwamba aliikataa filamu ya Kodak, akisema ni ya kibaguzi. Alikuwa na haki. Afrika Kusini nako makaburu walikuwa wakitumia kamera ya Polaroid ID-2, yenye kitufe cha kuongeza flashi, kutengenezea vitambulisho vya Waafrika. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha vuguvugu la kuipinga mwaka 1970. Kampuni ilijiondoa huko mwaka 1977. Kumbe mwanga wa kututosha ulikuwepo siku zote, ila ulitolewa kwa ajili ya kutuchunga.

Siku hizi simu inachanganya picha kadhaa na kusawazisha yenyewe, na studio zinafungwa. Kazi ya wale mafundi imebaki kwenye negativu. Mwenye sanduku la negativu za harusi au kipaimara, Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, asilichome. Aliweke pakavu, na Makumbusho ya Majimaji pale Songea yaombwe kuzipokea.